Pepo Aliyetaka Ufagio

Mdogo wangu alijua kila kitu kuhusu ile dawa isipokuwa mahali pa kuificha.

Historia yake aliisoma kwenye simu, maana mtu asiyelala ana wasaa wa kusoma mengi. Asubuhi nilikuwa namkuta uani, amekaa katikati ya vipande vya feni yetu, feni ambayo haikuwa mbovu, akinisomesha huku anasaga meno. "Dada, methamphetamini si kitu cha jana," alisema. Mjapani mmoja ndiye aliyeitengeneza, zaidi ya miaka mia iliyopita, kutokana na dawa ya mmea uliokuwa ukitibu pumu. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili, wakubwa wakawagawia askari na marubani vidonge vyake wasisinzie, Wajerumani kule, Wajapani huku. Vita vikaisha, vidonge vikabaki, wakapewa madereva wa malori na akina mama waliotaka kupungua unene. Siku hizi inapikwa kwa siri, inavushwa bahari, na vipande vyake vyeupe vimefika hadi kwetu Bagamoyo.

"Na hao askari waliishia wapi?" nikamuuliza.

Akasema wapo waliochanganyikiwa, na wapo ambao moyo uliwasimama. Aliyasema hayo kama mtu anayesimulia msiba wa mtaa wa pili, kisha akaendelea kufungua skrubu. Feni ile haijazunguka tena.

Alikuwa fundi pikipiki pale Zinga, kijana mcheshi mwenye mashavu. Mashavu yakaenda, meno yakaanza kumtoka, moja lilibaki kwenye muhogo wa kuchemsha mbele ya wageni. Akaamini kwamba jirani anamchungulia kupitia dishi la televisheni. Mama alimsihi, akamlilia, akamsomea dua. Mimi sina subira ya mama, nilimrushia kiatu. Yeye jibu lake lilikuwa moja tu, kwamba ataacha akitaka, na huko kutaka hakukuja.

Sasa, mtu aliyesoma yote hayo akakaa akafikiri, akaona mahali salama pa kuificha ni kwenye kikapu cha mama. Katika kikapu hicho mama huweka ubani, udi, karafuu na shabu, yale mawe meupe tunayosafishia maji na kukaushia vidonda. Aliona vinafanana, nani atajua? Nadhani katika Pwani nzima hakuna kitu kinachoguswa mara nyingi kuliko kikapu cha mama wa Kiswahili.

Wiki ile mama alikuwa na kidonda mdomoni. Akachukua kipande cha shabu, au alichodhani ni shabu, akakiyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, akasukutua. Kikawa kichungu kupindukia. Kwa mama yangu dawa chungu ndiyo dawa, kwa hiyo yaliyobaki akayameza. "Hii ndiyo shabu yenyewe," akatuambia. "Ile ya dukani wanaichakachua."

Akaanza kwa kuosha vyombo. Vilipokwisha akaosha vilivyokuwa safi, kisha akaenda kuchukua vya jirani. Huyu ni mwanamke ambaye kwa maumivu ya magoti husali ameketi kitini. Akafagia uwanja hadi ukatokea udongo ambao sikuwa nimewahi kuuona. Huku anafagia anasimulia harusi yake mwenyewe, nani alikuja na zawadi mbovu, nani alikula mara mbili, na kwa bahati mbaya wengi wao walikuwa ndugu wa shangazi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Miono na alikuwa amekaa pale pale mkekani.

Shangazi akasema huyu ana pepo. Jirani yetu, ambaye familia yake ya asili ya Oman inauza vitambaa, akakubali, ila akasema kwa usafi ule pepo huyo lazima awe Mwarabu. Shangazi akaudhika. Kwani mapepo ya Kizigua ni machafu? Wakabishana kabila la pepo mpaka ubani ukaisha kwenye chetezo, wakaongeza mwingine. Wakamfunika mama kanga kichwani. Kwa kuwa umri wa pepo haujulikani, shangazi akaona aanze kwa adabu.

"Shikamoo."

"Marahaba," akajibu mama kutoka chini ya kanga, na nikasikia jinsi alivyofurahi. Ni wifi yake, hawajawahi kuamkiana hivyo.

"Unataka nini, bwana mkubwa?"

"Ufagio mpya. Huu umekwisha."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha mama akavua kanga, akaweka mkono kifuani, akasema, "Moyo unanikimbia." Jasho lilikuwa linamtiririka na midomo imekauka. Kicheko kikanikatika. Nikageuka, nikamwona mdogo wangu ameingia, ameshika kile kikapu, anapekua. Uso wake ulikuwa umeparara.

Tulimpeleka hospitali kwa bajaji. Shangazi alipita dukani kwanza, akaja nyuma na ufagio mpya wa chelewa, pepo asije akasema amenyimwa.

Daktari, binti mdogo tu, alipima presha mara mbili kwa sababu hakuamini. "Amekunywa nini?"

"Amesukutua shabu, mwanangu," akasema shangazi. "Shida ni pepo."

"Shabu haifanyi hivi. Moyo huu unaweza kusimama. Nisipojua alichokunywa, natibu gizani."

Mdogo wangu alikuwa mlangoni. Mbele yake shangazi, jirani, na askari polisi aliyeleta mgonjwa wake. Nilimtazama, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu sikujua atachagua nini.

"Ni yangu," akasema. "Ni methamphetamini. Mjapani mmoja aliitengeneza kutokana na..."

"Kijana! Kipande kikubwa kiasi gani?"

Akaonyesha ncha ya kidole. Daktari akaita wauguzi, na shangazi akamcharaza mdogo wangu kwa ufagio wa pepo mpaka askari akaombwa aamue.

Mama alipona. Lakini aliporudi nyumbani alilala kutwa ameelekea ukutani, hataki kula, analia bila sababu. Mdogo wangu akampelekea uji, akasimama pale akisubiri kulaaniwa. Mimi nilikuwa mlangoni, na kwa kweli nilikuwa naisubiri laana hiyo kwa hamu.

Mama akageuka polepole. "Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "ile dawa imebaki?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Imekwisha, mama."

"Yote?"

"Yote."

Akarudi kuelekea ukutani. Mdogo wangu akaweka bakuli chini, akanishika mkono, akanivuta mpaka uani.

"Dada, nipeleke nikatibiwe," akasema. "Nipeleke leo hii, kabla sijaenda kumtafutia."