Bibi Apolonia na Gari Namba Kumi na Nne

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kamera. Nilikabidhiwa ndoo, fagio na koleo la mbao la kushikia picha mbichi, nikaonyeshwa mlango wenye pazia zito jeusi, nikaambiwa humo ndimo nitakamofanyia kazi mpaka nitakapoambiwa vingine. Nilikuwa nimevaa gauni langu jeupe la kanisani, nikidhani kazi ya studio ni kazi ya watu nadhifu. Kufika jioni lilikuwa na madoa ya kahawia kifuani, na hakuna sabuni iliyoyaweza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, hapa Ifakara. Nilikuwa nimeteremka kutoka Mahenge na cheti cha ushonaji, lakini cherehani haikunipata. Nilichotaka ni kamera. Nyumbani walisema nimerukwa na akili, na sikubishana nao.

Mwenye studio tulimwita Fundi Mkuu, hata mkewe alimwita hivyo. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye vidole vilivyobadilika rangi kwa dawa. Alinifundisha chumba cha giza kwa mpangilio: kwanza kuusafisha mkanda, yaani kuuingiza kwenye dawa ili kilichopigwa kijitokeze; halafu kuukausha kwa kuuning'iniza na kibanio cha nguo; halafu kuuweka kwenye mashine ya kukuzia na kuishusha sura kwenye karatasi. Vijana mnaopiga picha mia mbili kabla ya chai mnivumilie kidogo. Mkanda wetu ulikuwa na nafasi thelathini na sita, basi. Mteja aliyepigwa nafasi ya tano alingoja mpaka wengine thelathini na mmoja wapatikane, na katika miezi ya kulima mpunga, watu wakiwa mashambani, hiyo iliweza kuchukua wiki tatu. Tulimwambia "ngoja mkanda uishe," naye alingoja.

Studio ilikuwa na kamera mbili. Ya kwanza haikutoka mikononi mwa Fundi Mkuu. Ya pili sisi wanafunzi wake tuliitumia kwa zamu, na ndiyo niliyoitamani. Wakati mwingine ilibidi kutoa mkanda ulioishia katikati na kuweka mwingine. Hapo palikuwa na ufundi wake: unaurudisha mkanda kwa mkono polepole, sikio umelibandika kwenye kamera, na ukisikia umeachia unasimama, ili ulimi wake, kile kipande cha mwanzo cha mkanda, ubaki umechomoza nje. Siku ya pili unaurudishia na kuendelea pale ulipoishia. Tatizo ni kwamba mkanda mpya nao hutoka kiwandani ulimi ukiwa nje. Kwa macho, ni mapacha. Kwa hiyo Fundi Mkuu alikuwa na sheria moja, na aliisema mara nyingi kuliko alivyosema habari za asubuhi.

"Kunja ncha ya ulimi, Modesta. Ulimi uliokunjwa una mtu ndani."

Sasa niwaeleze kuhusu magari. Kila Jumapili ya mwisho ya mwaka, baada ya misa ya pili, wapiga picha wote wa mjini walikusanyika studio kwetu, na kila mmoja alileta picha moja tu ya mwaka ule, nayo lazima iwe ya chombo cha moto: basi, lori, trekta, pikipiki, chochote. Zilipangwa kwenye benchi, kila mtu akasimama na kueleza yake. Waliyokubaliana ndiyo bora iliwekwa kwenye dirisha la kioo linalotazama barabara, ikakaa humo mwaka mzima. Nilimuuliza Fundi Mkuu kwa nini magari, wakati riziki yetu ni harusi na paspoti.

"Mtu ukimwambia atulie, anatulia," alinijibu. "Gari halikusikilizi. Hapo ndipo nitajua kama una jicho au una mdomo."

Mwaka wangu wa tatu aliniambia kwamba picha yangu ikiingia dirishani, kamera ya pili nitakabidhiwa mimi, sitaigombea na mtu. Tangu siku ile sikulala vizuri. Kila gari lililopita Kibaoni nililitazama kama mchumba.

Mwaka huohuo, mvua za vuli zikiwa bado, zikaja habari kwamba mashindano ya magari yatapita bondeni kwetu, yakitokea upande wa Kidatu. Mji mzima ulichangamka. Wapo waliosema magari yale yanaruka juu ya madaraja, na wapo waliosema madereva wake hawali siku tatu. Fundi Mkuu magoti yalimsumbua, akaamua niende mimi nikasimame kwenye kona ya Kisawasawa.

Wiki mbili kabla, dada Felista wa Lipangalala, muuza mchele, alikuwa amemleta mama yake studio. Bibi Apolonia alikuwa hajawahi kupigwa picha maishani. Aliketi mbele ya pazia letu jeusi, amenyooka, na alichokijali ni kimoja: raba mpya nyeupe alizonunuliwa na mwanawe.

"Viatu vitaonekana?" aliniuliza.

"Vitaonekana, Bibi."

"Usinidanganye, mjukuu wangu."

"Sikudanganyi, Bibi. Vitaonekana vyote viwili."

Akaacha kupumua mpaka nilipobonyeza. Ilikuwa nafasi ya nane katika mkanda. Nikamwambia Felista angoje mkanda uishe.

Asubuhi ya mashindano nilitoa mkanda ule kwenye kamera ya pili. Niliusikiliza, nikaacha ulimi nje vizuri kabisa. Lori la kunipeleka Kisawasawa likapiga honi mlangoni. Nikautia mfukoni mwa aproni, pamoja na mikanda miwili mipya niliyokwisha kuitoa kwenye maboksi yake ili nisipoteze muda huko, nikakimbia. Ulimi sikuukunja. Nimeshajiuliza mara nyingi ingenichukua muda gani, na jibu ni kwamba isingenichukua hata pumzi moja.

Pale konani watu walijipanga tangu asubuhi. Nyuma yao ni mashamba, na nyuma ya mashamba ni milima ya Udzungwa na msitu wake mweusi. Magari yalisikika kabla hayajaonekana. Nilikuwa nimefundishwa kutolifukuza gari kwa macho bali kulingoja pale litakapofika. Namba kumi na nne, jeupe, liliingia kona kwa ubavu, vumbi likainuka, na mimi nikabonyeza likiwa palepale nilipotaka. Kando yangu alikuwepo Masanja, mpiga picha wa Kisukuma tuliyetaniana kila siku. Vumbi lilipotua akanitazama.

"Wewe Mpogoro, umelipata?"

"Nimelipata."

"Basi mwaka huu mimi niendelee tu na ng'ombe."

Nilirudi mjini najiona nimekwisha kushinda. Nilipiga mikanda miwili, mmoja ukabaki mfukoni, nikajua huo ndio wa Bibi Apolonia.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, Felista alikuja studio amejifunga kanga kiunoni, macho yamevimba. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri, homa ya siku mbili tu. Mazishi yangekuwa kesho yake.

"Naomba ile picha, Modesta," alisema. "Sina nyingine. Hakuna mwenye nyingine."

Nilimwambia pole, na nikamwambia picha ipo, nitaileta mwenyewe msibani kabla ya saa kumi. Nikaingia chumba cha giza na ule mkanda uliobaki. Nikaufanyia taratibu zote. Nilipouinua mbele ya taa ulikuwa mweupe, safi kama kioo cha dirisha, haukupigwa hata nafasi moja.

Nilikaa juu ya ndoo. Nadhani nilikaa muda mrefu, maana Fundi Mkuu alibisha mara mbili. Kisha nikasafisha ile miwili ya mashindano, na katika wa pili, nafasi ya nane, nikamkuta. Mmoja niliodhani mpya ndio uliokuwa wake, na magari nilikuwa nimeyapiga juu yake. Bibi Apolonia alikuwa ameketi katikati ya barabara ya Kisawasawa. Msitu wa milimani ulikuwa umeangukia pale palipokuwa na kichwa chake, na kwa kuwa msitu ni mweusi, uso wake ulibaki wazi, kila kunyanzi mahali pake. Kuanzia shingoni kushuka, gari namba kumi na nne lilikuwa linatoka mapajani mwake na vumbi lake lote. Gurudumu la mbele lilikuwa limekalia kiatu cha kushoto. Cha kulia kilionekana.

Fundi Mkuu aliitazama ikiwa bado imelowa.

"Miaka yangu yote sijaona picha ya gari kama hii," alisema mwishowe. "Hii ingekaa dirishani miaka mitatu." Halafu akaigeuza kifudifudi juu ya meza. "Hukukunja ulimi."

"Sikukunja."

"Basi utakwenda wewe. Mimi sitakusindikiza."

Niliandaa picha mbili: ile nzima, na nyingine niliyokuza uso peke yake, nikazuia mwanga kwa kipande cha kadibodi ili gari lisionekane. Nikapanda baiskeli mpaka Lipangalala. Akina mama walikuwa wamekaa mikekani. Felista akanivuta nyuma ya nyumba, nami nikamweleza yote nikiwa nimesimama, bila kujitetea. Nikampa kwanza ya uso.

"Kichwa peke yake?" aliuliza. "Mama yangu alikuwa kichwa? Alikuwa na miguu. Alivaa viatu."

Nikampa ya pili. Aliishika kwa mikono miwili.

"Hili gari linaweza kutoka?"

"Haliwezi, dada."

"Mlituambia tungoje," alisema taratibu, na upole ule ulinichoma kuliko kama angepiga kelele. "Tulingoja. Mama alikuwa ananiuliza kila siku, picha yangu haijaja? Namwambia mkanda bado."

Niliomba msamaha, yeye akatikisa kichwa tu, si kwa kukubali wala kukataa. Alichukua ile nzima. Kabla sijaondoka akanishika mkono.

"Isionekane dirishani kwenu. Watu watamcheka."

"Haitaonekana."

Jumapili ya mwisho ya mwaka wakaja wote. Zamu yangu ilipofika nilisimama mikono mitupu. Nilikuwa na picha nyingine nane nzuri za mashindano yale, ningeweza kuweka yoyote, lakini nilihisi nikifanya hivyo nitakuwa nimepita juu ya Bibi kwa mara ya pili. Nikawaeleza wapiga picha wenzangu nilichokosea, hatua kwa hatua, tangu honi ya lori. Hakuna aliyecheka. Masanja, ambaye angecheka hata kanisani, alitazama viatu vyake. Dirisha alilipata yeye, kwa picha ya trekta likivuta lori la mpunga kwenye tope, na ilikuwa picha nzuri kweli.

Kamera ya pili nilinyang'anywa. Nilirudishwa chumba cha giza mpaka masika yalipokwisha, na sikunung'unika. Baadaye Fundi Mkuu alinipeleka tawi dogo la Kibaoni, na hapo ndipo nilipoleta utaratibu wangu mwenyewe: mzee akipigwa picha, mkanda unasafishwa siku hiyohiyo. Unauingiza gizani, unakata kipande kilichopigwa, unasafisha hicho, kinachobaki unakiingiza tena kwenye kamera. Unapoteza nafasi kadhaa kila unapokata. Msimamizi wa Kibaoni, mtu wa kubana matumizi, alikuja juu.

"Unatupa mkanda, Modesta!"

"Natupa mkanda," nilimjibu. "Simngojeshi mzee."

Alinishtaki kwa Fundi Mkuu, na Fundi Mkuu akamwambia aniache. Nilifanya hivyo mpaka mikanda yenyewe ilipoadimika madukani na kamera za kisasa zikaja. Kamera ya pili ilinirudia mwishowe, bila maneno. Niliikuta tu juu ya meza yangu asubuhi moja.

Sasa nimestaafu. Macho ya karibu yamechoka, ya mbali bado. Vijana wa mjini wameifufua ile desturi kwa namna yao: kila Desemba wanarushiana kwenye simu picha zao bora za magari na pikipiki za mwaka, na wananiomba nichague. Ni picha kali, nasema kweli, tope linaonekana punje kwa punje. Mwaka jana mmoja akaniuliza, "Mama, na wewe katika zako zote, unayoipenda ni ipi?" Nikamwambia sinayo. Negativu yake, yaani kile kipande cha mkanda, nilikwisha kumpelekea Felista mwaka uleule.

Swali lile lilinikaa moyoni. Nikaenda Lipangalala. Felista naye amezeeka, amekuwa mfupi kama mama yake. Picha ipo ukutani sebuleni, kwenye fremu ya mbao, chini ya msalaba. Wajukuu wake wanamwita Bibi Apolonia Namba Kumi na Nne, wanagombana nani amefanana naye. Felista alicheka akinisimulia, nami nikacheka, nikahisi mzigo wa miaka mingi unaanza kushuka.

Halafu akaitazama picha.

"Nikuambie kitu, Modesta? Nikifumba macho nimkumbuke mama, siku hizi anakuja na lile gari. Nalisukuma, haliondoki. Uso wake wa jikoni, wa shambani, nimeusahau. Nimebaki na huo."

Niliuliza kama ananilaumu.

"Hapana," alisema. "Bila huo nisingekuwa na wowote." Akainuka akanyooshea kidole pale chini kulia, kwenye raba moja nyeupe isiyoguswa na gurudumu. "Na kiatu kimoja kilionekana. Ulimwahidi viwili."