Safari Iliyokwisha Kuombewa Dua

Nilipoambiwa kwamba kuna mfuko wa ng'ambo unaowafadhili wanafunzi wa uzamili wanaotafiti mambo ya Asia Kusini, sikufikiria sayansi hata kidogo. Nilifikiria treni. Nilipokuwa mdogo, mama alikuwa akinipeleka mtaa wa Aziatiki, hapa Bujumbura, kununua vitambaa vya Idi, na nyuma ya kaunta ya duka moja la Wahindi ilining'inia kalenda yenye picha ya treni ndefu ikivuka mto. Nchi yetu haina reli. Nilikuwa nikiitazama treni ile mpaka mama ananivuta mkono.

Basi nikaandika ombi langu: nitatafiti wafanyabiashara wa nguo, kuanzia Gujarati hadi Bujumbura. Wakanihoji kwa video. Mwishoni mwenyekiti wao akasema wamependezwa sana, nami nikafanya kosa la kumrudishia mama maneno hayo kama yalivyo. Wahenga wanasema dalili ya mvua ni mawingu. Mama yangu aliona wingu moja akatoa mapipa yote nje.

Kwetu Nyakabiga msafiri haondoki bila kusomewa dua. Ijumaa ile uani kwetu palikuwa na maalimu, ubani, na masufuria ya pilau ya kulisha mtaa mzima. Majirani Wakristo walileta kreti za Fanta na kukaa upande wa kivuli, nao wakaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko sisi. Kila mtu alikuwa na agizo lake. Jirani wa mlango wa pili, mjane anayeuza mkaa, alisimama mbele ya wote akasema, "Mi sitaki mengi. Sari moja tu, rangi ya kijani."

Jibu lilikuja majuma machache baadaye. Nimepewa ufadhili, wenye heshima zote, isipokuwa nauli. Walieleza kwa upole kwamba wanafunzi wanaotaka kwenda India wanao tele. Walichokosa ni mtu anayeishi jirani na Wahindi wa Bujumbura. Una bahati, waliandika, uwanja wako wa utafiti uko nyumbani. Pamoja na hayo walinikatia bima ya kunirudisha kwetu endapo nitaugua uwanjani, yaani kutoka Aziatiki hadi Nyakabiga, mwendo wa miguu. Wakanilazimisha pia kuhudhuria somo la mtandaoni la namna ya kuishi na watu wa utamaduni mgeni. Mkufunzi alisisitiza tuchemshe maji.

Nililia, na nilikuwa na hasira. Mama hakulia. Alikaa kitandani kwangu akatafakari kama jaji.

"Watu wamekula pilau," alisema. "Dua imesomwa ya safari. Lazima usafiri."

"Nisafiri wapi, mama?"

"Kinama. Kwa mama yako mudogo."

Ndivyo nilivyosafiri. Niliondoka na sanduku, nikapungiwa mikono na mtaa wote, teksi ikazunguka mjini kwa ajili ya adabu kisha ikanishusha Kinama, kaskazini mwa mji, ambako mama mdogo alikuwa amenitandikia godoro sebuleni. Kila asubuhi nilishuka mjini nimevaa nikabu, vazi ambalo sijawahi kulivaa maishani, na wachuuzi wakaanza kuniita ustadha. Majirani walipomuuliza mama habari za India, aliwajibu kwamba nasema kuna joto, Wahindi ni wengi na pilipili haina huruma. Mama yangu hasemi uongo. Yote hayo niliyaona Aziatiki.

Duka nililolifanyia utafiti lilikuwa lile lile la kalenda. Kalenda yenyewe ilikuwa imekwisha kutupwa. Bibi mwenye duka, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Buja, alicheka kisa cha nikabu yangu, akanipa chai ya maziwa na kunisimulia maisha ya baba mkwe wake na bei za kaniki. Siku moja nilimwomba anieleze India ikoje.

"We ndiye unasoma India," alisema. "Mi sijafika. Ukifika, utaniambia."

Basi tukakaa, mtaalamu na chanzo chake, wote wawili tukimsubiri mtu wa kutueleza.

Mchana mmoja nilikuwa nyuma ya kaunta, nikabu nimeiweka kando ninywe chai, nikamshikia bibi pembe ya kitambaa anachokunja. Akaingia mjane wa mkaa. Alinitazama, akatazama kikombe, akanitazama tena.

"We. Kumbe ulisharudi?"

Kichwani nilimwona mama akipita mtaani huku watu wakicheka nyuma ya mabega yake, na nilijua kosa ni la mdomo wangu. Aliyejibu ni bibi, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Apana, hajarudi. Bado iko huku kwetu."

Mjane alilipima neno hilo. Kisha akavuta kigoda, akapokea chai, akaonyesha rafu ya juu. "Ile ya kijani," aliniambia. "Ile ndiyo ulinitumia."

Nikalipa, na kama hiyo ndiyo bei ya kulinda jina la mama, ilikuwa rahisi sana. Bibi aliikunja sari, akauweka kando mfuko wenye jina la duka na kuitia kwenye mfuko mweusi usio na maandishi.

Jioni ya Ijumaa mama akapiga simu.

"Jirani anazunguka mutaa muzima na sari, anasema umemutumia kutoka India. Na mi? Si mi ndiye nilipika pilau?"

"Mama, we unajua niko wapi."

"Najua. Na wao wote wanatumiwa, mi peke yangu nisitumiwe?"

Nikamtumia ya bluu. Aliivaa kwenye harusi, akasifiwa, kisha akapiga simu tena. Alisema nyumba ni kubwa bila mimi, chakula anapika kingi kinabaki, na kusoma gani huku kusikokwisha. Halafu akauliza:

"Ndege yako inafika saa ngapi, tukuje kukupokea?"

Alikuwa analia, kwa hiyo sikucheka. Nikamwambia saa tisa.