Hodi ya Nne

Mtasema nimetunga. Semeni. Hata mimi, niliyemaliza chuo nikibishana na kila mtu kuhusu majini, ningesema hivyo hivyo. Lakini haya yalinikuta mchana kweupe, ghorofa ya tatu, Kariakoo.

Kampuni yetu ilikuwa na chumba cha seva, zile kompyuta kubwa za kutunzia data. Kila seva ilibeba ndani yake seva nyingine nyingi za kufikirika, za kiprogramu tu, kila moja ya duka fulani la huko chini. Taarifa za mauzo za wateja zikaanza kupotea, bosi akashuku kuna mtu wa ndani anazipitisha kwake. Akaniagiza nikusanye njia za mtandao kutoka seva zote, tujue kila moja inatuma data kupitia wapi.

Nikaandika skripti, programu fupi ya kuifanya kazi hiyo. Kwa utani nikaifanya ibishe hodi kwanza: inatuma neno "hodi", seva inajibu "karibu", kisha inataja njia zake. Isipojibiwa mara tatu, inaondoka, kama mtu mwenye adabu. Mwisho, bila kuningoja, inamtumia bosi ripoti.

Ijumaa, watu wako msikitini, maduka yamefungwa, nikaiendesha. Seva zote zikajibu, isipokuwa moja kuukuu iliyokaa pembeni.

"Hiyo imeshakufa," akasema Rehema, fundi mwenzangu. "Si umeniona asubuhi naichomoa?"

Kweli, waya wake wa umeme ulikuwa unaning'inia.

"Ngoja niendelee kubisha."

"We msomi, kwenu hawakukufunza? Hodi tatu, unaondoka. Ukizidisha, atakayekukaribisha humjui."

Nikacheka. Nikaondoa kile kikomo cha tatu.

Ya nne ikajibiwa. "Karibu."

Niaminini. Seva haikuwa na taa hata moja, feni kimya, nimeishika kwa mkono wangu, ya baridi. Na njia zikateremka kwenye skrini: maduka yote yanapitia kompyuta moja. Ya Rehema.

Rehema akasoma. Hakutania tena.

Bosi aliisoma ripoti kwenye simu akitoka msikitini. Akapanda ngazi akihema.

"Bosi, hiyo seva haina umeme," nikamwambia. "Waya huo hapo!"

"Kwa hiyo unataka niamini nini?"

Mnaona nilipofikishwa? Mimi, nisiyeamini chochote, namtetea mwenzangu kwa kumsingizia jini, mbele ya mtu aliyetoka kuswali! Akanitazama kwa huruma.

"Kijana, majini wapo. Ila kompyuta hawazijui."

Rehema alifukuzwa kazi papo hapo; alichukua mkoba wake akashuka. Hakuniaga. Taarifa za wateja ziliendelea kupotea vile vile, na hakuna aliyemwita arudi.

Ile seva iliuzwa kama chuma chakavu. Mimi nikahamia ofisi nyingine, karibu na Mnazi Mmoja. Huko nako, nikiendesha skripti yoyote, hata isiyo na hodi, jibu la kwanza ni "karibu". Nani ananikaribisha? Sijui, na siku hizi siulizi.

Rehema nampigia simu, hapokei. Nikifika mara ya tatu naiweka simu chini. Nawe ukibisha mahali kukawa kimya, geuka uende zako. Usijitie usomi mlangoni kwa watu.