Muhtasari Niliomwandikia Bibi Skolastika

Siku ninayoikumbuka sana, mwanangu, ni Jumapili moja ya msimu wa kupalilia mahindi huko Mpitimbi. Tulikuwa watu tisa sebuleni kwa Mwalimu Wambura, kimya kabisa, na mimi daftari mapajani. Mwalimu mwenyewe alikuwa kwao Mara, msibani.

Tulijiita Marafiki, wengine walituita Wakweka. Dini yenyewe ilianzia Uingereza zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, watu wakiwa wamechoka kuuana. Waanzilishi walisema nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu, mwanamke na mwanamume, basi hakuna haja ya padri. Walikataa kushika silaha. Walikataa kuapa mahakamani, kwa kuwa ndiyo ya mtu inatosha, wakafungwa jela kwa hilo. Utumwa nao waliupinga, ingawa baadhi yao walikuwa na watumwa na ilibidi waonywe na wenzao miaka mingi. Watu ni watu.

Kura hatukuwa tukipiga. Tulikuwa tunakaa kimya mpaka wote tuwe na nia moja, kisha karani anaandika muhtasari wa tulichokubaliana palepale na kuusoma.

Karani ndiye mimi, kijana wa Maposeni, darasa la saba nimemaliza, najiona nimefika! Shauri la siku hiyo lilikuwa kuzungushia wigo kiwanja chetu, maana mbuzi walikuwa wanamaliza miche. Wote wakasema ndiyo, isipokuwa Bibi Skolastika, mjane, jirani yetu. Yeye alitazama mikono yake tu. Njaa ilikuwa inaniuma. Nikajisemea, kimya si ni kukubali? Nikaandika, "Wote tumeridhia," nikasoma mbiombio, tukatawanyika.

Wigo ukasimama ndani ya wiki moja. Bibi hakuonekana Jumapili tatu. Mwalimu aliporudi akanichukua, tukaenda kumwangalia. Tulimkuta anapanda kilima, ndoo kichwani, anashikilia miti asianguke. Njia yake ya kisimani ilipita katikati ya kiwanja, na mimi ndiye niliyeifunga.

"Shikamoo, bibi. Mbona siku ile hukusema?" nikamuuliza.

"Marahaba. Nilikuwa natafuta maneno," akasema. "Kiswahili changu cha kuokoteza. Nilisikia ninyi mnasubiri watu, ndiyo maana nilikuja kwenu."

Mwalimu hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Wenzetu walikwenda jela ili ndiyo yao iaminike," alisema njiani. "Wewe umeandika ndiyo ya mtu ambaye hajaitoa."

Jumapili iliyofuata nilisimama, nikausoma muhtasari ule, nikasema ni uongo na mwongo ni mimi. Niliona aibu, mwanangu, masikio yaliwaka. Tukakaa kimya muda mrefu. Hatimaye Bibi, ambaye safari hii alikuja, akasema kwa Kingoni, maneno machache sana: wigo ubaki, wekeni mlango.

Mlango! Kazi ya asubuhi moja. Nikaandika, nikamsomea kwa Kingoni, nikasubiri. Akasema ndiyo.

Sasa wewe ni katibu wa kamati ya ukoo. Jana uliniambia shamba la babu ligawanywe, kwa sababu kwenye kundi la simu hakuna aliyepinga. Shangazi yako Imelda anayelilima amesema nini? Hana simu, najua. Ndiyo maana nakuuliza.

Haraka haraka haina baraka. Tumeimba hivyo tangu shuleni na bado tunakimbia. Nasaha yangu ni hii: usiandike "wote" kabla hujamtafuta aliyenyamaza. Nenda kakae naye, hata kama chai itapoa. Huenda anachotaka ni mlango tu.

Nenda salama. Mungu akupe subira nyingi kuliko aliyonipa mimi, na siku utakapozeeka ukawa unatafuta maneno, akujalie karani wa kukungoja.