Aliyeipiga Rangi Ile Landrova ya Mzee Shija

Jamani, leo nimeshika simu nataka kumpigia Kabula nimwambie nimetoka msibani. Halafu nikakumbuka msiba ni wake.

Siku ya mwisho alitoka gereji akilalamika kichwa kinamuuma. Akaniambia, "Mama Gift, kesho uwahi, leo umenichelewesha." Asubuhi yake aliyepiga simu ni mdogo wake, Masanja. Nilijua kabla hajamaliza salamu.

Wengi humu kwenye ukurasa wangu mlimjua kwa picha tu, yule dada mrefu anayecheka amefumba macho. Naomba niwaambie alikuwa nani. Nina sababu, na ninaionea aibu.

Kabula alikuwa fundi rangi wa magari. Pale gereji kwetu Nyakato yeye ndiye aliyenifundisha mimi kazi.

Gari la mwisho tulilofanya pamoja ni Landrova iliyostaafu jeshi. Mzee Shija, mfugaji wa kule Busisi, aliinunua mnadani ikiwa bado na kijani yake, imechubuka mpaka bati linaonekana.

Mzee akasema, "Kijani hii msiitoe. Nataka matrafiki wakiniona waniogope."

Kabula akamjibu, "Shikamoo baba. Matrafiki watakuogopa, sawa. Na wanajeshi wenyewe wakikukuta nayo?"

Mzee akajikuna kichwa. "Haya, itoeni."

Sasa iingie rangi gani? Katalogi nzima aliikataa. Nyeupe, "nitasimamishwa nibebe wagonjwa." Bluu, hataki. Boss akaanza kusonya, deadline inapita.

Kabula akavuta ndoo, akakaa karibu yake. "Baba, zizini kwako ng'ombe gani akipotea hulali?"

Weee! Mzee alibadilika uso. Akamweleza ng'ombe wake, mwekundu wa kuiva kama chungu kimetoka motoni. Kabula anasikiliza, anachanganya, anapaka kwenye kipande cha bati, anakitoa juani.

"Huyu?"

"Mkali huyo, mpunguze."

"Huyu je?"

"Huyo wa jirani!"

Tulicheka mpaka boss naye akacheka. Mara mzee akasimama, akalisogelea lile bati. "Mwenyewe huyo."

Tulipiga msasa mabega yakaisha. Chini ya kijani kulikuwa na kijani nyingine. Tukaweka praima, ile rangi ya chini, kisha Kabula akashika spray gun. Alikuwa anapuliza huku anatembea pembeni ya gari pole pole, kama anamsindikiza mgeni. Mimi nyuma nimeshika mpira wa upepo usiguse rangi mbichi.

Jioni mimi najisugua kwa thina, ile ya kutolea rangi, mpaka ngozi inawaka. Yeye ananicheka: "Jisugue, bibi harusi, wanakusubiri kanisani." Yeye alipanda bodaboda na mikono yake ilivyo, nyekundu mpaka kwenye viwiko.

Nilijisugua kwa sababu ya mama mkwe wangu. Ndiye anayenishikia Gift nikiwa kazini, na nilikuwa nimemwambia nauza spea dukani. Alishasema wazi, mwanamke anayenyonyesha akishinda kwenye rangi za magari, asimletee mtoto.

Kabula tulimzika kwao, mbele ya Busisi. Mama mkwe alinisindikiza. Asubuhi ya mazishi baba mdogo wa Kabula akaja na kalamu, anaandaa wasifu wa marehemu.

"Binti, wewe ndiye ulikuwa naye mjini. Alikuwa anajishughulisha na nini?"

Mama mkwe yupo pembeni yangu kwenye mkeka, Gift amelala mapajani kwake.

Nikasema, "Biashara ndogondogo."

Ndivyo ilivyosomwa mbele ya jeneza, kwenye spika. Mzee Shija alikuwepo. Landrova yake imepaki pale pale, watu wanaizunguka wanaulizana nani kaipiga rangi. Aliposikia "biashara ndogondogo" akageuka akanitazama. Mimi nikajifanya namfunika mtoto.

Hiyo labda ningeimeza. Lakini baada ya kuzika, mama yake Kabula alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kumbe mwanangu aliacha ufundi? Mbona kila akipiga simu alikuwa ananisimulia magari?"

Gift alianza kulia, nikasema ngoja nikamnyonyeshe. Nikamwacha mama wa watu, siku anazika mwanawe, akidhani mwanawe alikuwa anamdanganya.

Tangu nirudi Mwanza mnaniandikia pole, mnaniita rafiki wa kweli. Naomba hilo neno mliache kwanza.

Jana nilimkuta mama mkwe jikoni, nikamwambia yote, kazi yangu na nilichokisema msibani. Aliendelea kuchambua mchele. Kesho naenda gereji, na kama hatamshika Gift nitatafuta mtu mwingine. Namheshimu sana, ila spea siuzi.

Na ninaandika hapa kwa sababu uongo wangu ulisomwa kwenye spika. Ukweli siwezi kuusema kwa kunong'ona.

Masanja mdogo wangu, najua unapita humu. Msomee mama yenu. Msomee taratibu, kwa Kisukuma ikibidi.

Mama, shikamoo. Kabula hakuacha ufundi. Magari yote aliyokusimulia ni ya kweli, nilikuwepo. Aliyedanganya ni mimi, na nilidanganya kwa kujiokoa mwenyewe. Ile Landrova nyekundu ni mkono wa mwanao. Nimeongea na Mzee Shija, Jumapili ataileta hapo nyumbani uishike. Mimi nitakuja naye. Ukitaka kunigombeza, nigombeze mbele ya hao hao waliosikia.

Kabula, dada yangu. Ulinifundisha kazi, nami nikashindwa kuitaja siku uliyonihitaji. Nisamehe.

Lala, fundi. Lala vizuri, fundi.