Kamba Niliyomushikisha Ndugu Yangu

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka. Kaa chini, sitaisema mara mbili.

Miaka ile ya sabini nilikuwa nimeolewa hapa Kabuta, kando ya ziwa. Ndugu yangu mudogo, Mwape, alikuwa anacheza mupira Kopabeti, kule kwenye miji ya shaba, katika timu ya mugodi. Ndiyo ilikuwa kazi yake: walimulipa, walimupa nyumba. Alicheza katikati. Mimi sikusoma, na mupira siujui, lakini nilienda kumuona mara moja. Wenzake waliukimbilia mupira kama kuku wanaokimbilia mahindi. Yeye alizungusha shingo tu, akaenda kusimama mahali patupu, na mupira ukamufuata huko. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Mwaka ule aliumia goti. Munganga wa timu akamwambia: nenda kwenu, pumzika miezi minne, usibebe kitu, usivute kitu; ukirudi umepona, nafasi yako iko. Akaja kwangu. Alikaa kwenye kiti mbele ya nyumba, muguu juu ya kigoda, anakula samaki wetu.

Sasa hapa kwetu, wavu mukubwa wa kukokota ukitoka ziwani, jamaa yote inashika kamba, mugeni na mwenyeji. Asiyeshika hapewi fungu. Muzee asiye na nguvu anagusa tu, inatosha.

Wanawake wanaokausha samaki wakaanza kunichoma.

"Mama Bwalya, umefuga muzungu kwako?"

"Mumuache! Miguu ile ni ya kutazamwa!"

Wakacheka. Moyo wangu ukawaka. Nikamufuata pale kwenye kiti.

"Mwape, simama. Leo utavuta."

"Yaya, munganga alikataza."

"Munganga ndiye aliyekulea?"

Mama yetu alikufa mapema, mimi ndiye niliyemubeba mugongoni; Yaya kwetu ni dada mukubwa. Nilijua neno lile litamusimamisha, ndiyo maana nikalisema.

Akainuka. "Haya, Yaya. Nitagusa tu, kama wazee."

"Weye ni muzee? Nenda mbele, wakuone."

Akaenda mbele, maji mapajani. Wavu ukanasa kwenye kisiki, watu wakavuta kwa nguvu moja, kisiki kikaachia ghafla. Miguu yake ilikuwa imezama katika tope. Mwili ulienda, goti likabaki. Nililisikia lilivyolia. Niliacha kamba nikamukimbilia. Uso wake ulikuwa umegeuka majivu, lakini aliniambia, "Yaya, rudi ushike, samaki watatoroka."

Alirudi Kopabeti na fimbo. Timu ikamuangalia, ikamuaga. Kabla ya mvua kuisha alikuwa kwangu tena, na sanduku moja. Akashona nyavu miaka yote iliyobaki. Redio ikitangaza mupira, alikuwa anasema polepole, "Mupe wa kushoto, yuko peke yake," kabla mutangazaji hajafika huko. Mimi nilikuwa naingia ndani, najifanya natafuta chumvi.

Hakunilaumu hata siku moja. Na mimi sikumuomba musamaha hata siku moja. Nilijiambia, mimi ni mukubwa, nilimulea, nitaombaje? Nilikuja kuomba homa ilipokwisha kumumaliza. Nilisema, nikasema, nimeshika mukono wake. Ulikuwa baridi.

Mwanangu, nakuambia wazi. Mutu akikuambia anaumwa, muamini, hata kama majirani wanacheka. Kicheko chao kiliisha siku ileile, mimi nimebaki na kilio hiki mpaka uzee. Wema uliomutendea mutu usiufanye fimbo ya kumuswaga. Na ukikosa, omba musamaha leo, uso kwa uso, hata kama uliyemukosea ni mudogo wako, hata kama ulimufunga nepi. Usingoje. Mimi nilingoja.

Basi, nenda. Mungu akulinde mwili na kazi ya mwili wako, na akupe watu watakaokusikia ukisema umechoka.