Kesi ya Shangazi Aliyefunga Mlango

Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Kwanini, na jina likamkaa. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alisema mke wake huyo hawezi kupitishiwa chumvi mezani bila kuihoji imefikaje. Alikuwa amefundisha fasihi katika shule ile ile mpaka chaki ikamwingia kwenye kucha, na hakuna kitu alichokichukia kama mwongozo.

Mwongozo ulikuwa vijikurasa vilivyochapwa na mwalimu wa taaluma, vikifupisha riwaya kongwe iliyokuwa ikitahiniwa: dhamira hizi, wahusika hawa, sifa zao hizi. Mwanafunzi alizimeza, akaenda kuzitapika kwenye karatasi ya mtihani, akapata alama zake. Riwaya yenyewe ilibaki kabatini, maskini, ikila vumbi.

Aliyeonewa kuliko wote humo alikuwa shangazi. Katika riwaya, baba anarudi safari mvua ikinyesha, na dada yake aliyemwachia watoto anakataa kumfungulia mlango. Watoto wanalia ndani, baba anagonga mpaka anachoka, shangazi wala hatikisiki. Mwongozo ulikwisha kumhukumu: katili, mchoyo, ana tamaa na nyumba ya kaka yake. Basi.

Mwalimu Kwanini, aliyesema wazi kwamba shangazi ameonewa, akapiga marufuku mwongozo katika Kidato cha Nne A. Alitangaza kwamba shangazi atashtakiwa darasani, awe na waendesha mashtaka na mawakili wake, na hakuna neno litakalopokelewa bila ukurasa lilikotoka. Mwalimu wa taaluma alikuja juu. Alikwenda kwa mkuu wa shule kulalamika kwamba mtihani wa majaribio uko mlangoni na watoto wa watu wanachezeshwa maigizo. Mkuu, mtu asiyependa kelele, alikata shauri: A wakishindwa na B, waliokuwa wakisoma kwa mwongozo, Mwalimu Kwanini ananyang'anywa darasa. Hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda, wala hakuitaka.

Kesi ilianza vibaya. Waendesha mashtaka walimwaga maneno kama maji, mawakili wakababaika. Ndipo aliponyoosha mkono msichana wa dirishani waliyemwita Kimya, ambaye hakuwahi kunyoosha mkono tangu aingie shule ile. Alisoma pale shangazi anapochoma matandiko ya watoto uani, jambo ambalo mwongozo uliliita roho mbaya. Akafunua ukurasa mwingine: shangazi ananawa mikono mpaka inachubuka. Akafunua tena: anamwekea kaka yake chakula dirishani, lakini hakubali kuguswa.

"Watoto wana ndui," Kimya alisema. "Hakumnyima nyumba. Alimkinga."

Kiongozi wa mashtaka akadakia. Mbona hakumwambia, basi?

"Angemwambia, angevunja mlango aingie. Wewe, baba yako akisikia unaumwa hivyo, atakaa nje?"

Kijana wa mashtaka aliketi, kisha akainuka tena kusema kwamba hata hivyo, kumwacha kaka yako akuchukie maisha yote nako ni ukatili. Hapo sasa ndipo walipobishana. Kengele ya kwenda nyumbani ililia na hakuna aliyeondoka. Mwalimu aligeukia ubao akajifanya anaufuta, kumbe analia, tena kwa furaha tupu.

Swali la mtihani, lililotungwa na mwalimu wa shule jirani, lilidai kwamba shangazi ndiye mwenye upendo kuliko wahusika wote, na likawataka wajadili. Kidato cha Nne B waliandika, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, katili, mchoyo, ana tamaa na nyumba. Wale wa A, wengine walikubali, wengine walipinga kwa nguvu zote, na kila mmoja alikuwa na ushahidi wake. Waliwaacha wenzao mbali sana.

Mkuu alisoma jibu la Kimya kwa sauti katika ofisi ya walimu. Alipomaliza, mwalimu wa hesabu akasema shangazi alikosea, wa michezo akamwambia hajui anachosema, na chai ikapoa vikombeni. Mwalimu wa taaluma alijikohoza. Alikiri kwamba riwaya ile aliishia katikati. Iliyobaki aliisikia kwa rafiki.

"Niazime kitabu, mwalimu," alisema.

Mwalimu Kwanini angeweza kumpasha, na maneno alikuwa nayo tele. Alimpa kitabu, na siku hiyo hiyo akakabidhiwa A na B kwa pamoja.

Wiki iliyofuata aliingia darasa lililojaa mpaka mlangoni, riwaya zimetolewa kabatini, watatu watatu wakichangia nakala moja. Hakuwa hata ameshika chaki Kimya aliposimama.

"Mwalimu, nimekisoma kitabu tena chote. Sasa naona shangazi alikosea, na wewe pia umekosea kumtetea."

Mwalimu alivuta kiti, akaketi, akamwambia ataje ukurasa.